Mwani wa Kahawia Sebuleni kwa Baba

4 Februari

Binti yangu,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima, ila magoti ndiyo hayanitii. Natumaini barua hii imekukuta salama. Nimeituma kazini kwako kwa sababu namba yako niliyonayo haipatikani tangu mwaka juzi.

Naandika kuhusu tangi. Daktari wa meno niliyekuwa namshonea makoti amehama, akaniachia tangi la samaki la kioo, refu kama meza yangu ya kukatia vitambaa. Nikalijaza maji ya chumvi, mchanga na mawe, nikawasha taa na pampu kama kijitabu kilivyosema. Wiki ya tatu mchanga ukageuka rangi ya chai. Kisha mawe. Kisha kioo. Nasugua asubuhi, jioni uchafu umerudi. Na samaki hata mmoja sijaweka! Sasa nani anachafua? Jirani anasema ni kutu. Kutu ya nini, wakati humo hakuna chuma?

Wewe ndiye unayelea samaki wa baharini huko kazini, basi nakuuliza.

Ni mimi, Baba yako


19 Februari

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo. Barua yako nimeisoma mara nne, pale mezani tunapokatia ngisi wa kulisha samaki, nikitafuta ukurasa mwingine. Miaka miwili hujaniandikia neno, leo unaniuliza habari za mchanga. Sielewi, lakini nitajibu ulichouliza.

Si kutu, wala si uchafu. Ni mwani wa kahawia, vijimea vidogo mno. Karibu kila tangi jipya hupitia hapo. Vinakula silika, madini yanayotoka kwenye mchanga mpya na maji ya bomba. Ulitumia maji gani? Taa unaiwasha kwa saa ngapi? Tumia maji yaliyochujwa, na taa saa sita kwa siku zinatosha. Usitie dawa. Usioshe mawe, maana humo ndimo wanamoishi bakteria wanaosafisha maji. Vijimea vikimaliza chakula chao, vitakwisha vyenyewe.

Mwanao


2 Machi

Binti yangu, marahaba.

U mzima? Mimi nimechanganyikiwa. Barua yako imefika nikiwa nimeshasugua mawe yote kwa maji ya moto. Yaling'aa kweli. Siku ya sita mwani ukarudi, mzito kuliko wa kwanza. Na ndiyo, maji yalikuwa ya bomba. Taa naiacha inawaka kutwa nzima, kwa sababu ikizimwa sebule inakuwa kama haina mtu.

Lingine nisilolielewa: unasema miaka miwili sikuandika. Na wewe je? Mama yako alizikwa mwaka juzi, hukuja. Watu wananiuliza, "Binti yuko wapi?" Nawaambia yuko njiani. Nimesema yuko njiani mpaka watu wakatawanyika.

Tuyaache hayo. Nibadilishe maji kiasi gani?

Baba yako


10 Machi

Baba, shikamoo.

Badilisha sehemu moja ya kumi kila wiki, si zaidi.

Nilikuja. Uliniandikia kwenye simu kwamba mazishi ni Jumamosi saa nane. Nilibadilisha mabasi mara tatu, nikafika Jumamosi hiyohiyo saa nne asubuhi, nikakuta viti vya kukodi vinapakiwa kwenye gari. Nikamuuliza mpakiaji, akaniambia, "Mazishi? Yalikuwa juzi Alhamisi, dada." Nikasimama getini. Nikasikia sauti yako ndani, unaongea na wageni kama kawaida. Nikajua mmenitenga kwa makusudi. Nikaenda makaburini peke yangu, nikarudi stendi, nikabadilisha namba.

Leo unasema ulinisubiri. Nani anadanganya hapa, baba? Maana mimi sijui tena.

Mwanao


14 Aprili

Baba, shikamoo.

Mwezi umepita. Unaumwa? Hata kama ni habari za mwani, andika.

Mwanao


21 Aprili

Binti yangu,

Siumwi. Kalamu ndiyo ilikuwa haishikiki.

Nimeitoa simu ya zamani kabatini, nikaiwasha. Ujumbe wa kwanza upo: Jumamosi saa nane. Baadaye wajomba zako walipanga Alhamisi, nikaandika wa pili: "Mama tunamzika Alhamisi, siyo Jumamosi. Njoo upesi." Huu hapa, nautazama. Umekwenda. Lakini haukwenda kwako. Humu wewe umeandikwa "Binti". Anayekaa juu yako kwenye orodha, na ndiye aliyeupata, ni "Bingwa", yule fundi aliyetupakia rangi jikoni. Sasa nakumbuka, siku ya mazishi alikuja na suti, akalia sana, akanishika mkono kwa mikono miwili, nami nikabaki kujiuliza nani amemwambia.

Siku niliyouandika macho yangu yalikuwa hayaoni kitu. Miaka miwili nimekununia kwa kosa la kidole changu mwenyewe. Sijui jambo kama hili mtu huliombeaje msamaha. Nisamehe, mwanangu.

Mwani naona unapungua. Au ni macho. Sina uhakika na chochote siku hizi.

Baba yako


3 Mei

Baba, shikamoo.

Habari za Bingwa na suti yake zilinichekesha mpaka wenzangu wakaja kutazama, wakanikuta tayari nalia. Hawakujua wanipe pole au wacheke na mimi.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Hasira ile nilishaizoea, kila asubuhi naamka nayo. Umeniondolea, na sijui mahali pake niweke nini. Nimekusamehe, nadhani. Kisha nakumbuka lile geti, najikuta nimenuna upya, halafu nakumbuka hukujua kwamba nilikuwepo.

Nimepata ruhusa ya siku nne. Nitafika tarehe kumi na mbili kwa basi la asubuhi. Nakuletea konokono kumi wa kula mwani uliobaki, nao watahitaji kuzoeshwa maji yako polepole. Sijui nikikuona nitakukumbatia au nitakufokea hapohapo mlangoni. Ukisikia makelele, wewe fungua tu.

Mwanao