Matawi ya Chini ya Mlimau Wako

Mpendwa Baba,

Mvua inanyesha hapa Sparkhill, ughaibuni, tangu asubuhi, nami nimeikasirikia. Maji yanatiririka barabarani bila kazi yoyote, ilhali huko Lodwar mdogo wangu Ekiru anabeba ndoo kutoka kisimani ili mlimau wako wa mwisho usife. Ile mingine imekwisha kukauka. Niliona ni vyema uyasikie haya kutoka kwangu, ingawa sina hakika kwamba nitayaeleza kwa haki.

Unakumbuka ulivyotugombeza kila tuliposogea na panga karibu na miti ile? Majirani walifyeka matawi ya chini ya miti yao ili uwanja ufagiliwe vizuri na wageni wakae kivulini. Wewe ulikataa. Matawi yako yaligusa ardhi, majani makavu yakabaki pale yalipoangukia, na watu wakatuona wavivu. Jirani mmoja alipokuuliza kwa nini huupunguzi mlimau wako, ulimjibu bila kutabasamu, "Huyu ni mama mtu mzima. Hafunuliwi miguu." Mimi ndiye niliyecheka. Nilikuwa nimefika chuo kikuu nilipoelewa kwamba ulikuwa ukilizungumzia gome la shina, ambalo jua la kwetu huliunguza likikosa pazia la majani.

Nilipofika kukuzika, miti ilikuwa imekwisha kufunuliwa. Waombolezaji walihitaji kivuli, viti vilihitaji nafasi, na watu wema walifyeka na kufagia kwa heshima yako hadi udongo ukabaki mtupu. Niliketi chini ya matawi yaliyosalia, nikapokea pole. Ningemlaumu nani? Hilo ndilo linalonichosha hadi leo: hasira yangu haina mtu wa kumwangukia. Kiangazi kilipokuja, magome yalipasuka upande unaopigwa na jua la alasiri.

Tangu hapo ninalea miti kwa simu. Nilimwomba Ekiru ayapake mashina chokaa. Alipaka, lakini baada ya magome kuungua. Nilimsihi amwage maji mengi kwa wakati mmoja, kisha apumzishe udongo. Ayamwage mbali na shina, ndani ya duara lenye upana wa mti, ili yazame na kuisukuma chumvi ya maji ya kisima chini ya mizizi. Yeye humwaga kidogo kila jioni, pale pale shinani, kwa kuwa anauonea mti huruma. Nilipomweleza tena, nadhani kwa sauti ya mhadhiri, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada, wewe uko kwenye mvua. Mimi ndiye niliye hapa na huyu mgonjwa."

Nilitaka kumwambia kwamba huenda huruma yake ndiyo inayomuua mgonjwa. Sikuthubutu. Binti yangu, ambaye anaelewa kila tunachosema lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniuliza kwa nini tusiuache mti ufe, wakati malimau yamejaa maduka yote ya Stratford Road. Nikamwambia amalize chakula chake. Jibu la kweli lingemshangaza: tangu uondoke, mti huo ndio mazungumzo pekee yaliyobaki kati yangu na mjomba wake. Mti ukifa, sijui tutapigiana simu kuulizana nini.

Wiki hii Ekiru alinitumia picha. Chini, kwenye shina lililopauka, yameota machipukizi mabichi yenye miiba mirefu. "Baba hajatuacha," aliniambia, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nikamsikia akicheka.

Mimi sikucheka. Nilikumbuka siku uliyonishikisha wembe ukipandikiza kijiti cha mlimau juu ya mche wa limau mwitu, kwa sababu huo wa mwitu ndio unaostahimili udongo wetu. Ulinionyesha mahali pa kiungo ukasema, "Kinachoota chini ya kovu hili si chetu. Kikiachwa, kitakunywa maji yote." Nimeikuza picha hadi imegeuka madoa ya rangi. Sioni kovu. Gome limepasuka mno. Miiba nayo si ushahidi, maana hata mlimau wa kawaida huchipua na miiba. Huenda machipukizi ni yetu, huenda si yetu.

Ekiru aliuliza, "Niyaache, Dada?" Elimu yangu yote ilinielekeza kusema akate. Nilimwambia ayaache, ayatilie kivuli cha gunia jua linapokuwa kali, na anipigie kila Jumapili anieleze yamefikia wapi.

Yakizaa limau mwitu, tutakuwa tumeupoteza mti wako kwa mikono yetu wenyewe. Nakasirika, Baba, kwamba wewe pekee ndiye uliyejua kovu liko wapi, ukaenda nalo. Nimejaribu kujisadikisha kwamba nilipima hoja za pande zote mbili kabla ya kumjibu. Sikupima. Wakati ule sikuuwaza mti hata kidogo.

Pumzika, Baba, na utusamehe tukikosea,

Binti yako wa kwanza