Kidonge cha Saa Tisa

Debre Sina,
Jumapili baada ya misa

Kwa dada yangu mpenzi Etagegn,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mguu wako umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Meklit ameota meno na huniuma anaponyonya, halafu hunitazama usoni kuona kama nitalia.

Demissie yuko barabarani na lori lake, Jibuti na kurudi, kama kawaida. Nyumbani tupo mimi, mtoto na mama mkwe, Mama Zenebech. Si mtu mbaya, usidhani. Nilipojifungua alinipikia uji mzito wa shayiri na siagi mpaka nikawa naikimbia harufu yake. Ila tunaweza kushinda kutwa nzima tukizungumza habari za kuni tu. Majirani wakija kunywa kahawa humbeba mtoto, humbusu, huuliza analalaje. Mama yake analalaje, hakuna anayeuliza. Ukiolewa mbali, dada, unajifunza kujipa pole mwenyewe.

Unakumbuka nilipasuliwa wakati wa kumzaa. Muuguzi wa zahanati, Sista Tirunesh, aliniambia waziwazi kwamba kovu langu linahitaji miaka miwili kabla ya mimba nyingine, la sivyo linaweza kuachia. Akanipa vidonge vya wanaonyonyesha, akasisitiza nimeze kila siku saa ileile, nisichelewe. Nikachagua saa moja asubuhi, mama mkwe anapokuwa kanisani. Demissie alijua na aliridhika. Mama mkwe hakujua. Yeye alizaa tisa, na kila akimbeba Meklit humwambia, "Mwambie mama yako akuletee mdogo wako upesi, bibi mikono inazeeka."

Basi Kwaresima ikaingia, na unajua mfungo wetu, hakuna kinachopita kooni mpaka saa tisa alasiri. Mama mkwe alisema anayenyonyesha halazimiki, kisha akanikazia macho nilipokuwa nakunywa maji. Nikayaweka chini, nikafunga. Kesho yake asubuhi nilikishika kidonge mkononi nikajiuliza kama nacho kinafunguza. Wa kumuuliza alikuwa padri anayetuungamisha, lakini angetaka kujua ni kidonge cha nini, na akija kwetu mama mkwe habanduki ubavuni pake. Kwenda zahanati kwa swali kama hilo niliona haya. Nikawa nakimeza saa tisa pamoja na injera ya kufungulia. Jumamosi na Jumapili, ambazo hatusubiri saa hizo, nikawa nakimeza saa moja kama zamani. Nilijiona nina akili sana.

Sasa nikuambie lile ninalolizunguka tangu mwanzo. Katikati ya mfungo lori la Demissie liliharibika hapa mlimani, akaja nyumbani. Mama mkwe alikuwa amekwenda mazishini kijiji cha pili. Demissie alikaa jikoni, akaniuliza, "Asnakech, unaendeleaje? Wewe, si mtoto." Nililia mpaka nikaona aibu. Unajua kwamba wakati wa Kwaresima mke na mume nao hujizuia. Nilichokishikia mfungo ni kidonge, dada. Mume sikumnyima.

Nina mimba. Sista Tirunesh hakunigombeza. Alisema dawa ningeimeza tu asubuhi, mfungo au si mfungo, na kwamba kuhamahama saa ndiko kulikoniponza. Akauliza kwa nini sikumwendea. Amesema lazima nijifungulie hospitali kubwa, tena nihamie karibu nayo mapema. Majirani watahesabu miezi vidoleni wajue ni ya Kwaresima, lakini si hilo linaloninyima usingizi. Naogopa kufa. Namtazama Meklit na naogopa, na humu ndani sina wa kumwambia. Demissie nitamwambia akirudi, maana jambo hili siwezi kumwambia kwa simu akiwa kwenye usukani.

Sikuombi ushauri, wala usinijibu kwa barua. Njoo. Njoo ukae nami mpaka nijifungue, hata kama shemeji atanuna.

Msalimie huyo shemeji, na watoto wabusu kila mmoja. Mama umpe salamu zangu, na akiuliza habari zangu mwambie nimenenepa. La kovu usimwambie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Asnakech