Tarakimu Nne kwa Kila Meza

Mpendwa Nekesa,

Huku Makongeni hatujambo. Nyanya yako ameotesha tena mbegu ulizotuletea, sukuma wiki imejaa mlangoni. Kifua changu ndicho kimechoka, na daktari hanifichi, kwa hiyo nakujibu upesi.

Unasema kompyuta mpya hubeba nambari kubwa, bali zile kuukuu hukata tarakimu za mbele kimyakimya, na wenzako wanataka lugha ya programu mnayoiunda iziache hizo kuukuu.

Nilipokuwa karani kijana wa reli, tulijumlisha uzito wa shehena kwa mashine za mkono. Ya Wafula ilikuwa na nafasi nyingi. Yangu ikijaa ilirudi sifuri, basi majibu yetu hayakulingana.

"Tupa hicho kibati, bwana!" Wafula alinicheka.

"Nikitupe, halafu shehena yote uijumlishe peke yako?"

Akasogeza kiti karibu nami. Tukaikata kila nambari vipande vya tarakimu nne, kiasi ambacho mashine yangu iliweza. Mimi nilishika kipande cha nyuma, yeye cha mbele. Jumla yangu ikizidi tarakimu nne, nilipaza sauti, "Shika moja!" naye akaiongeza kwake. Tangu hapo hata tulipobadilishana meza, jibu lilikuwa lile lile.

Nakiri kabla sijaondoka: sijajivunia kazi nyingine kuliko hiyo. Watoto wa Kaloleni bado wanajifunzia kompyuta kuukuu. Pimeni vipande kwa kompyuta iliyo ndogo, kubwa haitashindwa.

Meza yangu imejaa, mjukuu wangu. Shika moja.

Babu yako