Kituo cha Nne

21 Februari

Kwako binti yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hutaitikia, maana tangu msiba wa kaka yako hujakanyaga kanisani, lakini mimi ni padre, na barua ya padre haianzi na "mambo vipi". Hali yako? Kifua kimepona? Mimi nilikuwa mzima mpaka jana. Presha imepanda, na wewe ndiye umeipandisha.

Sanduku la picha limefika. Nililifungua mwenyewe sakristia, mlango nimefunga, furaha tele kama siku ya upadrisho wangu. Picha ya kwanza: Yesu kasimama mbele ya kaunta ya polisi, askari anaandika jina lake kwenye daftari. Nikasema haya, labda ni utani wa wasanii. Ya tatu: kaanguka kituo cha mabasi, kondakta anamruka. Ya sita: Veronika, anayempangusa Yesu uso, ni nesi wa kituo cha afya. Ya kumi anavuliwa nguo kituo cha mafuta, na watu wamemzunguka wanampiga picha kwa simu! Jamani, binti yangu! Nilikuagiza Njia ya Msalaba, umeniletea matembezi ya mjini. Kamati ya parokia inakuja Jumapili kuzitazama, Ijumaa Kuu hiyooo inakuja, na ukuta wangu mtupu. Hebu nieleze.

Baba Mdogo wako


26 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Kifua kimepona, ahsante. Pole na presha, punguza chumvi.

Karatasi yako ninayo hapa mezani, kwa mwandiko wako mwenyewe: "Nichoree vituo kumi na vinne ambavyo watu wetu watavitambua hata kabla ya kusoma maandishi." Sasa mimi ni fundi wa mabango. Mteja akisema mkasi, nachora mkasi. Uliposema vituo ambavyo watu wetu wanavitambua, nikakaa nikavihesabu: cha polisi, cha afya, cha mabasi, cha mafuta, cha kupigia kura. Maneno ni yako, mimi nimetii tu.

Natania, lakini sikuchora kwa utani. Kwa miezi minne saluni na gereji zote zimenisubiri. Kile kitabu chako kidogo cha Njia ya Msalaba nimekisoma mpaka jalada limetoka. Sisemi nilikuwa nasali. Nilikuwa napiga magoti ili nifikie sehemu ya chini ya ubao, na kuna siku nilichelewa kuinuka. Halafu si wewe uliyeniambia, nikiwa darasa la tano, kwamba wachoraji wa zamani walimvika Pilato nguo za matajiri wa mji wao? Wao ruksa, mimi kosa langu nini?

Zitundike. Ukizitundika zote, Ijumaa Kuu nitapanda basi nije. Nitakaa nyuma, lakini nitakuja.

Binti yako


9 Machi

Binti yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima. Mama yako hajambo, kwa kumwona tu. Anakuja Misa, anasali, anaondoka bila kunipa mkono. Umezoea, nimezoea.

Kamati imekaa saa tatu nzima, kiti changu kikawa cha moto. Mwenyekiti anasema kanisa si stendi. Ana mtu wa kuchapisha picha za plastiki, Yesu ana nywele zilizotoka kuoshwa, hata jasho hana. Mwalimu wa kwaya alilia mbele ya ile ya nesi, akawaambia hajawahi kumwona Veronika vizuri kiasi kile. Tukavutana wee, mwisho wakakubali. Isipokuwa moja. Cha nne, Yesu anakutana na Mama yake, hawakitaki.

Usikasirike. Sanaa ya kanisa si gazeti. Mtu anakuja na mzigo wake, anataka kusali, hataki kukumbushwa kesi za watu. Mtoe yule mama kwenye lile benchi la polisi. Ondoa lile bakuli mapajani. Mpe shela la buluu, na uso pia ubadilishe. Ni kazi ya siku mbili, basi, yaishe.

Baba Mdogo wako


13 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima, ila sina amani.

Uso wa nani nibadilishe? Mbona hulitaji jina? Kamati labda hawakumtambua, lakini wewe unamjua, umekula mezani kwake miaka yote. Yule ni Mama. Amekaa kwenye lile benchi siku nne, chakula kimefungwa kwa kitambaa, anaambiwa "njoo kesho", na Kaka yuko ndani kwa kosa la mtu mwingine. Baba alishafariki, wewe ndiye uliyekuwa baba. Siku ya pili nilikuja kwako mbio, viatu mkononi. Ulikuwa unaandika mahubiri. Ukaniambia, "Padre haingilii mambo ya polisi. Nitawaombea." Siku ya tano wakamtoa amebebwa, wiki haikuisha tukamzika. Ukahubiri msamaha, na watu wakakusifu. Mimi nikatoka nje, sijarudi hadi leo.

Sikukuchora popote. Tafuta picha zote kumi na nne, hutajiona mahali. Ndilo linalokuuma? Simu nitazifuta mkitaka, kondakta nitamrudisha nyuma. Cha nne sikigusi hata kwa kidole.

Mwana wa marehemu kaka yako


27 Machi

Baba Mdogo,

Wiki mbili kimya. Kimya nacho ni jibu, nimelisoma. Nirudishie picha zangu. Ijumaa Kuu nitakuwa kazini, kuna gereji inataka bango.

Mimi


4 Aprili

Binti yangu,

Sijui nikusalimieje, kwa hiyo nakusalimia tu. Sikukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu yalikuwa yanatoka mahubiri.

Kwanza, nilikudanganya. Kamati haikusema neno lolote baya juu ya cha nne. Walipita pale wakasema, "Maskini mama wa watu," wakaendelea. Aliyetaka uso ule ufutwe ni mimi.

Alhamisi nilizitundika zote. Ngazi ya kuazima, kidole nimekipiga nyundo, nimetukana kidogo, Mungu anisamehe. Jana saa tisa kanisa lilijaa. Cha kwanza nikasoma, cha pili, cha tatu. Kufika cha nne sikusoma. Nikafunga kitabu, nikawaambia: "Huyu ni shemeji yangu. Alikaa hapa siku nne. Mimi nilikuwa na gari, mafuta yamo, na mkuu wa kituo kile nilimbatizia mtoto wake. Neno langu moja lingetosha. Niliogopa kuitwa padre wa wahalifu. Sikwenda." Mwenyekiti akatoka, na wengine watatu nyuma yake. Tukapiga magoti, tukaenda cha tano.

Mama yako alikuwa karibu na mlango. Alibaki mpaka cha kumi na nne, kisha akaondoka bila kunitazama. Mwenyekiti ameshanishtaki, naitwa kwa Askofu Jumatano. Hilo halinitishi sana. Kinachonitisha ni mlango wa mama yako. Leo nimepita hapo mara mbili, mkono umeshindwa kubisha. Padre mzima! Mwulize kama atanifungulia. Mimi unisamehe au usinisamehe, lakini mwulize.

Baba Mdogo wako


6 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimechelewa kwa sababu barua yako niliisoma, nikaitupa, nikaiokota, nikaisoma tena.

Nimempigia Mama. Akasema uende. Anasema kanzu uiache nyumbani, padre anamwona kila Jumapili. Anayemtaka ni shemeji yake. Anasema uende asubuhi, maana ana mengi ya kukwambia. Na ukifika ukae chini, usimjibu neno mpaka amalize.

Binti yako