Daktari Aliyezima Simu

Nyakwara, yaani mjukuu wangu, yule daktari,

Simu umezima. Nasikia uko ziwani kwa mama mdogo wako, na yeye pia hashiki zake. Basi nakuandikia hapa mtandaoni ambapo kila mtu atasoma, wa Lindi yetu ya Kibera asome, wa Kawangware asome, na mmoja wao akikuona akuambie nyanya yako anakutafuta. Ukiona aibu ni sawa. Aibu huamsha mtu.

Mimi sikai. Nikikaa, nasimama. Nimefagia hii nyumba mpaka sakafu inashangaa natafuta nini. Asubuhi natoka Kibera naenda mpaka Kawangware, nafika kwa geti la hospitali yako, nakuta wamama na matumbo yao kwenye benchi. Namwuliza askari, "Amekuja?" Ananiambia, "Bado, shosho." Narudi. Kesho yake naenda tena. Mguu wangu wa kushoto umefura, na daktari wa kuuangalia amejificha.

Unakumbuka nilivyokuwa nakaanga mgongo wazi pale Lindi, ile mifupa ya mbuta inayobaki nyama ikishaenda kwa wenye pesa? Wateja wamesimama, wewe mtoto mdogo umechukua mmoja umeuvunjavunja, unaupanga tena kwenye meza, kichwa, mbavu, mkia. Nikakuchapa mkono. Nikakwambia, "Samaki ni wa kula, si wa kusoma." Ukaniita nyanya kwa Kijaluo chetu: "Dani, huyu amepoteza mfupa mmoja." Na kweli, kuna mteja alikuwa ameshautafuna.

Kutoka hapo ukaenda kusomea udaktari. Hakuna msichana wa Lindi alikuwa amefika huko kabla yako. Majirani waliniuliza kama nina hakika si unesi. Hata ulipomaliza, ukavaa koti jeupe, wagonjwa bado walikuita sista. Siku ile nimekuja na ugonjwa wangu wa sukari, mama mmoja akakuuliza, "Sista, daktari anafika saa ngapi?" Nikafungua mdomo nimtukane, ukaniminya mkono. Ukamwambia, "Ameshafika, mama. Toa ulimi nione."

Na yule mzee mwenye ploti kule Kawangware, aliyeshukwa na utumbo? Akasema yeye hawezi kupasuliwa na msichana. Ukamwita babu kwa Kikuyu chake, ukamjibu, "Sawa, guka. Daktari mwanamume yuko Jumatatu. Utumbo wako utangoja?" Akalala mwenyewe kitandani. Alipopona akatangaza kanisani kwamba huyu msichana ameona ndani yake kuliko mke wake. Mke hakucheka. Lakini mzee alikukodishia ile nyumba ya mawe, ukafungua hospitali ya wamama yenye chumba cha kupasulia. Mwanamke wa kwanza kufanya hivyo upande wetu huu. Hilo neno "wa kwanza" nimelibeba sokoni kama kikapu kipya, nikiwapita watu polepole ili walione.

Sasa yule mama wa Mashimoni, hapa hapa Kibera. Namtaja kwa sababu wewe huwezi kumtaja. Watu wake walimkalisha nyumbani na uchungu siku nzima, wakakuletea damu imeshamwisha. Mtoto ulimtoa mzima. Mama yake hakurudi. Ukaja kwangu na nguo zilezile, ukakaa kwenye kitanda changu, ukasema, "Dani, nimeua mtu." Nikakwambia nyamaza, uoge. Asubuhi hukuwepo.

Sikiza, msichana. Ulikuwa wa kwanza kusoma, ukawa wa kwanza kupasua. Ulidhani utakuwa pia wa kwanza kutopoteza mtu? Hicho ni kiburi. Nakijua, kimetoka kwangu. Mimi nimezika mama yako, na kesho yake nikawasha jiko, kwa sababu wewe ulikuwa na njaa. Hakuna aliyeniuliza kama moyo wangu uko tayari. Sasa wale wamama kwenye benchi ndio wenye njaa, na wewe uko ziwani unaangalia maji.

Unafikiri Mashimoni wanakulaani. Juzi mume wa marehemu alikuja kwangu, yule fundi wa kuchomelea milango. Nikamsimamia mlangoni. Nikamwambia, "Kama umekuja na matusi, anza na mimi, nina wakati."

Akavua kofia. "Mathe, nimekuja kuuliza jina la nyumbani la daktari."

"La nini?"

"La kumpa mtoto. Huku kwetu wote tunamjua kama Daktari. Siwezi kuita msichana wangu Daktari."

"Kwa nini usiweze? Kuna mtu hapa Sarang'ombe anaitwa Stima."

Akacheka, halafu kicheko kikamgeukia akalia, nami nikajifanya natafuta kikombe.

Wewe umesoma sana lakini hili unalijua tangu hujaenda shule: kwetu mtoto anapewa jina la mtu ambaye watu wake hawataki apotee. Hakuna Mjaluo anampa mtoto jina la aliyemuulia mama. Hakuna. Hata umtafute ziwa lote.

Sikumpa hilo jina. Nilimwambia si la kuokota kwa mlango wa nyanya, lina mwenyewe, na mwenyewe atalileta kwa mkono wake. Kwa hivyo mtoto mpaka leo anaitwa "huyu". Huyu amelala, huyu amekunywa chupa, huyu analia. Na analia haswa, nimeenda nimemsikia. Shangazi yake akitaka kumbembeleza anafika mahali pa jina anakwama.

Nimewaambia unakuja Jumapili baada ya kanisa. Sijawahi kudanganya watu wa Mashimoni, na si wewe utakayenianzishia.

Vaa viatu.

Ni mimi,
Dani wako, mama wa mama yako