Moto Uko Nje, Mtoto Yuko Ndani

Jumamosi, 14 Juni 2025

Walkerville. Wanasema hapa bado ni Johannesburg. Johannesburg gani yenye ng'ombe barabarani! Mjini mbali, jirani mbali, baridi tu ndiyo iko karibu.

Mjukuu wangu Mussa katoka hospitali jana. Kazaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama kuku aliyenyonyolewa — Mungu anisamehe, lakini ndivyo alivyo. Nesi kamwambia mkwe wangu Samira: nyumba iwe na joto usiku na mchana. Mtoto akipoa, akiacha kunyonya, arudishwe wodini kwenye lile sanduku la kioo. Mimi nimetoka Lushoto kuja kulea mzazi. Sikuja kutazama mtoto kwenye kioo.

Sasa hilo joto lenyewe! Uani kuna kibanda cha chuma chenye dohani, mbali na nyumba. Nilidhani choo. Kumbe tanuri. Kuni zinachomwa huko nje, zinachemsha maji yaliyozunguka moto, pampu inayasukuma kwa bomba la chini ya ardhi mpaka ndani, yanapita kwenye rejeta za ukutani kama rejeta za lori, halafu yanarudi. Nikamwambia Samira huu ni wazimu, moto unakaa na wenyewe. Akacheka. "Na moshi je, mama? Nao ukae na sisi?" Mjeuri kidogo, huyu.

Akaanza kunieleza, koki ya chini isiguswe, sijui nini. Nikamwambia asinifundishe maji. Mara namwona kajifunga blanketi, anakwenda kutia kuni. Mzazi! Ndani ya arobaini! Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitika. Mwanangu Karimu yuko na lori njia ya Lubumbashi, basi nani atawasha? Mimi. Nimepika kwa kuni maisha yangu yote. Tanuri litanishinda nini?

Jumatatu, 16 Juni

Limenishinda.

Nilijaza kuni za miwati mpaka mlangoni. Huku nako ipo, kama kwetu, imejiotea kiwanja kizima. Nikaacha mlango wazi moto upate pumzi, kama jikoni. Moshi! Mzito, mchungu, unatambaa chini kama unatafuta mtu. Mshale wa geji ya joto ukashuka badala ya kupanda. Rejeta zikapoa. Nyayo za mtoto baridi kama chura.

Samira akatoka. Nikajua atanigombeza, na jibu nilishakuwa nalo. Hakugomba. Akasema: mama, hizo zimekatwa juzijuzi tu, bado zina maji. Mlango ukiwa wazi joto lote linakimbilia dohani. Funga, acha kile kitundu cha chini. Vuta makaa mbele kwanza, ndipo uweke kuni nyuma yake. Zitafunwe, zisimezwe.

Nikamfukuza arudi ndani. Nikafanya kama alivyosema. Mshale ukapanda. Haya.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimezitazama kuni zake vizuri. Ukuta mzima nyuma ya banda! Zimepangwa magome juu ili mvua iteleze, upepo unapita katikati. Kila fungu lina chaki: mwezi lilipokatwa. Nikauliza nani kapasua hizi. "Mimi, mama."

Mtoto wa Ilala! Mwalimu wa chuo huko mjini Braamfontein, wa viatu virefu na kompyuta begani! Kapasua mwenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa kabari na nyundo, mpaka tumbo lilipomzuia kuinama. Nikamuuliza Karimu alikuwa wapi. Kasema Karimu ana mgongo. Mgongo! Nitakutana nao huo mgongo akirudi.

Akanifundisha akiwa dirishani: gonganisha mbili, mama. Zikitoa sauti ya kuziba, mbichi. Zikilia kama kengele, hizo kavu. Nikagonga. Zikalia. Nikagonga tena, kwa raha tu.

Nina wake wengine wawili wa wanangu kule Tanga. Mmoja anaogopa kiberiti.

Jumapili, 22 Juni

Leo nimeaibika.

Mzazi lazima akandwe. Maji ya moto hasa — tumbo, kiuno, mgongo, asubuhi na jioni. Sasa chini ya tanuri kuna ile koki. Ukifungua, maji yanatoka yanafuka! Nichemshe sufuria ya nini? Tangu nimefika nachota humo ndoo na ndoo, najisifu moyoni. Yana rangi ya waridi kidogo. Nikasema kutu.

Asubuhi tanuri likaanza kunguruma na kutema mvuke juu. Samira akampigia Hénock, Mkongo aliyelichomelea. Maneno mengi, kofia ya ngozi, hakuna chuma Johannesburg nzima ambacho hakutengeneza yeye. Akaja, akapima maji. Nusu!

"Eish! Mayi iko wapi? Nani anakunywa tanuri yangu?" Halafu akaiona ndoo yangu. "Mama! Ile mayi haiko ya bantu, iko ya mashini! Niliweka dawa juu ya chuma isioze!"

Nikamtazama Samira. Tumboni ana vipele tangu juzi, kaniambia ni joto. Sijafungua mdomo, yeye kashajibu: "Kosa langu, kaka Hénock. Sikumwambia mama."

Hakuniambia! Siku ya kwanza tu aliniambia!

Hénock akajaza maji mapya, ya baridi, na dawa nyingine. Nyumba ikapoa mpaka adhuhuri. Samira akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mablanketi juu. Akanyonya, alhamdulillah. Mimi nikamsugua mzazi kwa sabuni, nikarudia, sasa maji nachemsha jikoni kama watu. Mwingine angempigia mumewe simu akalia mpaka vocha iishe. Huyu kanisitiri mbele ya mgeni, halafu kaniuliza kama nimekula.

Jioni nimemwomba anieleze tena ile koki. Mimi!

Jumatano, 25 Juni

Nesi kaja. Mtoto kaongezeka uzito. Kaniita gogo, ndiyo bibi kwa Kizulu. Nikamwambia kwetu gogo linatiwa tanurini. Samira kacheka mpaka kashika tumbo.

Redio inasema baridi kali inapanda kutoka Cape. Nimejaza kuni karibu na mlango. Zilizolia kama kengele tu.

Ijumaa, 27 Juni

Umeme hakuna tangu alfajiri. Wezi wameng'oa nyaya. Pampu imesimama — moto unawaka, maji yanachemka, nyumba inapoa! Maji ya kuku yameganda.

Mtoto kakataa titi tangu asubuhi. Analegea. Samira kampigia Hénock, yuko Soweto, anakuja na pikapu. Akifika kabla mtoto hajanyonya, hospitali. Tumekubaliana.

Samira hakulia. Mtoto kifuani, akaniambia: stoo kuna betri ya zamani ya lori la Karimu, na inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri, iko juu ya kabati. Nikaviburuta kwa toroli. Yeye mlangoni ananielekeza: waya nyekundu kwa nyekundu, mama, nyeusi kwa nyeusi, usiziache zigusane. Zikagusana. Cheche! Nikasema bismillahi, nikarudia. Nikachomeka pampu, ikanguruma. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Lakini betri imezeeka kama mimi. Samira kasema tuitumie kidogokidogo: rejeta zikishika moto, zima, zikipoa, washa. Upepo unakula sauti, kwa hiyo anatundika kanga dirishani. Nyekundu, washa. Nyeupe, zima. Kakaa kaegemeza mgongo kwenye rejeta, ndiyo kipimo chake. Akili hii kaitoa wapi? Hata uzazi haujamtoka mwilini!

Naandika nimekalia ndoo, mgongo kwa tanuri. Nyekundu. Nimewasha. Nyeupe. Nimezima. Nyekundu tena. Taa ya inveta imeanza kupepesa.

Honi getini. Hénock! Kashuka anakimbia. "Mama, tunaenda?"

Nimemwonyesha dirisha. Samira kamnyooshea kiganja: asubiri. Kamwinamia mtoto. Kichwa kidogo kimetulia pale kifuani — kinavuta, au kimelala tu? Kwa hapa sioni. Hénock hajazima gari.

Kiganja bado kiko juu. Kanga bado nyekundu. Naongeza kuni —