Jumapili ya Lubaga

Kasubi, Kampala
14 Agosti 1971

Kwako mkwe wangu Papa Hippolyte, huko Bunia,

Pokea salamu nyingi. Mama Hortense hajambo? Na Hortense mwenyewe, na tumbo lake? Mimi nipo, miguu tu inauma. Barua hii anakuletea Barnabé, yule mfanyabiashara. Nimeiandika kwa mkono wangu siku kumi na moja, na hakuna aliyenishikia kalamu.

Unanijua mimi Obwona, niliyekuwa polisi miaka thelathini, nikipokea mshahara kwa dole gumba. Basi Februari niliingia darasa la watu wazima hapa Kasubi. Mwalimu Saverio akatuambia kila mtu asimame ataje nia yake wazi. Hakutaka kusikia nataka kusoma. Alitaka utasoma nini, na lini. Wengine wakataja Biblia. Mimi nikasema, kabla Juni haijaisha nitasoma barua ya mwanangu Odur, yote, bila macho ya mtu mwingine. Akina mama wakanicheka, eti mzee huyu ataisomea ahera. Nikawaambia mtaniona. Na kweli mle ndani hakuna aliyenishinda, hata vijana.

Unajua Odur alikuwa askari, na unajua askari wetu wa kaskazini wanavyopotea makambini tangu Januari. Hayo siyaandiki zaidi.

Jumatano moja ya Juni barua yake ikaja, imeletwa kwa mkono. Hortense, kama unavyojua, alikuwa akikaa kwangu. Akanyoosha mkono aisome. Nikakataa. Akasema, Baba, ni dakika moja tu, huyu ni mume wangu. Nikamjibu nimeshaweka nia mbele ya watu, akisoma yeye imeharibika. Akacheka, akasema nitamaliza mtoto wake akiwa na ndevu. Nikaitia mfukoni, nikalala na shati.

Siku ile nilisoma Baba. Ijumaa nikapata neno Jumapili. Mkwe, nilifurahi! Nikatoka nje kuwatangazia majirani kwamba nimesoma neno refu, kisha nikapumzisha macho mpaka Jumatatu. Jumanne nikamaliza.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Hortense nilimwambia ni salamu tu. Hazikuwa salamu. Odur aliandika kwamba Jumapili, baada ya misa ya pili, atakuwa mlangoni pa kanisa kubwa la Lubaga. Nimpeleke mkewe, kuna lori la kuwavusha wote wawili waje kwako. Asipotuona atajua njia ina hatari, na atarudi kambini kabla majina hayajaitwa.

Nilikwenda Lubaga kesho yake, Jumatano. Akeyo, mama anayeuza mishumaa pale, alimkumbuka. Kijana mrefu, koti limembana, alisimama kutwa nzima, na kila mwanamke mwenye mimba akipita anamtazama usoni. Akeyo alimpa maji, akayashika tu, hakunywa. Mwenzake wa kambini aliniambia walimchukua Jumatatu, yeye na wengine tisa. Hawakurudi.

Alhamisi darasani mwalimu akauliza nani ametimiza nia yake. Nikanyoosha mkono. Wakanipigia makofi, Papa Hippolyte, nami nikasimama nikayapokea.

Hortense aliondoka hapa akiamini Odur amepata mwanamke mwingine, maana hakuandika tena. Alimtukana mbele yangu, nami sikumtolea barua. Niliona haya kuliko nilivyomwonea huruma.

Barua ya Odur nimeiweka humu ndani. Usimsomee wewe. Mpe aisome mwenyewe, kama alivyotaka siku ile. Akinilaani, msimzuie. Mtoto akizaliwa, siombi jina langu. Mpeni la baba yake, na mmwambie baba yake hakuwakimbia. Alisimama mlangoni mpaka jua likazama, akimtafuta mama wa mtoto huyo.

Wasalimie wote wa nyumbani. Hortense msalimie ukiona atakubali.

Ni mimi,
Obwona, baba wa Odur